Mwenzangu kazini anataka tuwinde dubu kwa chambo: dola 300 zitatosha?

*"Jambo mkubwa. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Lewiston, Maine, huu mwaka wa pili. Nafanya kazi kiwandani Jumatatu hadi Ijumaa, natoka saa tisa mchana. Mwenzangu mmoja, Mmarekani, anawinda dubu kila mwaka. Anasema safari hii tushirikiane: tutamwaga donati na mikate iliyolala porini upande wa Rumford, dubu atazoea, halafu tutampiga. Kila mtu atoe dola 300 tu, na bunduki ataniazima yake. Anasema kazi nyingine hakuna, chambo ndicho kinafanya kazi. Nyama tutagawana, na ngozi naweza kuituma kwa baba huko nyumbani. Bibi yangu hataki kabisa. Anasema kumlisha mnyama halafu kumuua ni usaliti, tena ni kutupa pesa. Dosiye yangu ya asile bado iko kwa hakimu. Je, ni rahisi hivyo? Na gharama ya kweli ni kiasi gani?"*

Ndugu yangu, nitaanza na sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho, ile ya dosiye kwa hakimu, yaani kesi yako ya kuomba hifadhi, kwa sababu ina uzito kuliko dubu na dola zote.

Sheria ya shirikisho la Marekani inakataza makundi kadhaa ya watu kushika bunduki, na hata risasi peke yake. Mojawapo ni mtu aliye nchini bila hadhi halali ya ukaazi. Jingine ni aliyeingia kwa viza ya muda, ingawa huyu ana mwanya akiwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, hayumo katika katazo hilo, wala aliyekwisha kupewa hifadhi au kupokewa kama mkimbizi. Wewe uko njia panda: umeomba, hujajibiwa. Ombi lililo mbele ya hakimu linakuruhusu kusubiri, na pengine kufanya kazi, lakini kusubiri si lazima kuhesabike kuwa hadhi halali pale sheria ya bunduki inapoangalia. Tena sheria haiulizi bunduki ni ya nani. Ya kuazima, mikononi mwako kwa jioni moja, inatosha. Adhabu inaweza kufika miaka 15 jela, na kesi yako ya hifadhi haitapona hapo.

Kwa hiyo kabla hujagusa bunduki ya mwenzako, hata kwa kuijaribu tu nyuma ya nyumba yake, zungumza na wakili wa uhamiaji ana kwa ana, na umpelekee karatasi zako zote. Kama huna uwezo wa kumlipa, pale Portland kuna Immigrant Legal Advocacy Project, ambao husaidia wahamiaji wa kipato kidogo. Muulize swali moja lililonyooka: "Kwa hadhi niliyo nayo leo, naruhusiwa kushika bunduki?" Usimuulize mwenzako wala muuza duka, na mimi usinichukulie kuwa nimekujibu. Kazi yangu ni wanyama. Nimeona tu watu wazuri wakiingia matatani kwa sababu rafiki aliwaambia "hakuna shida".

Sasa tuje kwa dubu.

Mwenzako hakukudanganya aliposema chambo kinafanya kazi. Alichokiruka ni nani anayekifanyia chambo kazi. Hata Wamarekani wa mijini wengi wanaamini kwamba unamwaga vitu vitamu chini ya mti Jumatatu, Jumanne unapiga dubu. Ingekuwa hivyo, kila aliyemwaga angepata. Hesabu za idara ya wanyamapori ya Maine zinaonyesha kwamba katika wawindaji watatu au wanne wa chambo, anayepata dubu ni mmoja. Wanaozunguka msituni bila chambo wala mbwa hupata takriban watatu tu katika mia. Chambo basi kinaongeza nafasi yako mara kumi hivi, na bado wengi wanamaliza msimu mikono mitupu.

Sababu ya kwanza ni msitu wenyewe. Karibu asilimia 90 ya ardhi ya Maine imefunikwa na miti, na hakuna jimbo la Marekani linalolipita kwa hilo. Si mbuga ya nyasi ambako unamwona mnyama kilomita moja mbele. Unaweza kuwa hatua ishirini kutoka kwa dubu mweusi na usione hata sikio. Yeye amekwisha kukusikia, amekunusa, ameondoka. Chambo hakimvuti dubu kama uchawi kutoka kaunti nyingine. Kinampa dubu ambaye tayari anapita eneo lile sababu ya kusimama mahali penye uwazi, kwa dakika chache, mwanga ukiwa bado upo.

Sababu ya pili ni tumbo. Kuanzia mwisho wa Agosti dubu anajaza mafuta ya kumvusha majira ya baridi, miezi atakayolala shimoni bila kula. Anaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku, mara nane au kumi ya mtu mzima. Jike mwenye mimba huzaa humo humo shimoni mwezi Januari, kwa hiyo mafuta ya Septemba ndiyo maziwa ya watoto wake. Katika hali hiyo pipa la donati ni neema kubwa. Lakini msitu nao unapika. Kuna matunda madogo ya vichakani, kuna mbegu za mwaloni, kuna njugu za mti mmoja wa magome laini ya kijivu, waitwao bichi. Mwaka ambao msitu umezaa vizuri, dubu hula huko na donati zako zitanufaisha kindi, rakuni na kunguru. Ni pesa ile ile na jasho lile lile, ila matokeo mengine kabisa. Jambo hilo hulipangi wewe, hata uwe hodari vipi.

Na hapa ndipo kazi inapojificha. Mahali pa chambo ni kama kibanda cha mama ntilie: wateja wanakuja kwa sababu wanajua saa ya chakula na wanajua hawatakuta sufuria tupu. Dubu akija mara mbili akakuta pipa halina kitu, anahamia kwa jirani, maana huko upande wa Rumford hamtakuwa peke yenu. Hivyo mnapaswa kwenda kila siku ya pili au ya tatu, ikiwezekana saa ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Dubu hujifunza sauti ya gari lenu na ya ndoo zinazogongana. Wengine hukaa vichakani wakisubiri muondoke. Ndiyo maana wenye uzoefu, siku ya kuwinda, humwacha mwenzao alete chambo kwa kelele za kawaida kisha aondoke, na mwindaji abaki amekaa kimya juu ya dungu, kile kiti cha kuvizia kilichofungwa mtini.

Sheria nayo inapanga kalenda yenu. Maine inaruhusu kuanza kuweka chambo siku 30 kabla ya msimu, na msimu hufunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Kuwinda juu ya chambo kunaendelea kwa wiki nne hivi. Chambo lazima kiwe angalau yadi 50, yaani kama mita 46, kutoka njia inayopitika na gari la kawaida, na zaidi ya yadi 500 kutoka nyumba inayokaliwa, isipokuwa mna ruhusa ya maandishi. Lazima mwenye ardhi awe amekubali. Lazima pawekwe kibao kidogo chenye jina na anwani ya aliyeweka chambo. Ifikapo tarehe 10 Novemba kila kitu kiwe kimeondolewa, pipa na takataka zote. Hilo la mwisho watu hulisahau, kwa sababu Novemba dubu hayupo tena akilini na barabara ni matope matupu.

Tufanye hesabu, nikikisia kwa bei za kawaida. Kutoka Lewiston hadi maeneo ya Rumford ni karibu kilomita 80. Kwenda na kurudi ni 160, na ukijumlisha barabara ya vumbi na kubeba ndoo mgongoni ni saa tatu hadi nne. Siku 30 za kuzoesha na wiki nne za msimu, mkienda kila siku ya tatu, ni safari ishirini hivi. Hiyo ni kilomita 3,200. Gari la kubebea mizigo litakunywa kama galoni 100 za petroli, tuseme dola 300 hadi 350. Na ni saa sabini za watu wazima, kabla hamjakaa jioni hata moja kumsubiri dubu.

Chambo chenyewe: kilo 20 kila mara ni kilo 400 kwa sehemu moja. Donati, keki na mikate iliyolala huuzwa kwa mapipa na watu wanaofanya biashara hiyo, na kwa kiasi hicho mtatoa dola 300 hadi 600. Mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi mnaweza kupewa bure na mgahawa, ila nguo na gari vitanuka hadi Krismasi, sikutanii. Wapo wanaoongeza molasi au mafuta ya anisi ili harufu isafiri na upepo. Halafu kuna pipa la galoni 55, mnyororo wa kulifunga kwenye mti ili dubu asiondoke nalo, na kamera inayojipiga yenyewe mnyama akipita. Hizo ni dola 150 hadi 250. Dungu la chuma la kupandia mtini na mkanda wa usalama ni dola 150 hadi 300, na mkanda si wa hiari, maana kuanguka kutoka dungu huumiza wawindaji kuliko dubu anavyowaumiza. Leseni na kibali cha dubu, kwa mkazi wa jimbo, ni makumi ya dola tu. Makampuni makubwa yenye misitu nayo mara nyingi hutoza ada kwa kila sehemu ya chambo.

Jumlisha, ukiacha bunduki: kati ya dola 900 na 1,500 kwa mtu anayeanza peke yake. Mkigawana chambo, petroli na kamera, na kila mmoja ajinunulie dungu na leseni, wewe utakuwa karibu na 750. Mwenzako anaposema 300, sidhani ana nia mbaya. Yeye ana gari, ana pipa, ana dungu, ana viatu, na amekwisha kusahau alivilipia lini. Dola 300 ni sehemu yako ya chambo na pengine nusu ya petroli. Muulize waziwazi: gari ni la nani, nani anaendesha siku za katikati ya wiki, dubu mmoja akija nani anapiga. Swali hilo la mwisho limevunja urafiki mwingi kuliko pesa.

Na wakati wako. Unatoka kazini saa tisa, kwa hiyo unaweza kufika porini saa kumi na nusu au kumi na moja. Hiyo ni nafuu kubwa, maana dubu wengi huja saa ya mwisho kabla ya giza. Sheria inakuruhusu hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Jumapili usiihesabu: Maine imepiga marufuku kuwinda Jumapili. Zinabaki Jumamosi nne na jioni utakazoweza kuiba katikati ya wiki. Utakaa bila kutikisika kwa saa mbili, tatu, mbu wakikushambulia, na usipojikagua kupe ukirudi unaweza kupata ugonjwa wa Lyme, ambao Maine umejaa.

Utaniuliza, basi si bora kumlipa mwongozaji? Safari ya wiki moja na mwongozaji mwenye leseni, ukilala kwenye kambi yake, kwa kawaida ni dola 2,000 hadi 4,000. Watu huona ni wizi. Mimi sioni hivyo. Kabla sijaja huku nilifanya kazi na wawindaji wa kitalii kusini mwa Tanzania, na huko chui nao huwindwa kwa chambo: paja la mnyama linafungwa juu ya tawi, mgeni anakaa kibandani akisubiri. Mgeni aliona jioni mbili za kukaa. Hakuziona siku za vijana waliokuwa wakifuata nyayo, kuburuta mizoga, na kubadilisha nyama iliyooza. Mwongozaji wa Maine ni vilevile. Amenunua mapipa tangu majira ya kuchipua, ana sehemu kadhaa, na amezilisha mwezi mzima kabla mteja hajapanda ndege. Unamlipa kwa zile saa sabini. Hata hivyo, kwa mshahara wa kiwanda na dosiye ambayo haijaisha, sikushauri kutoa pesa hizo mwaka huu. Hata yeye hawezi kukuahidi dubu.

Ipo njia ya katikati, wakili akikuruhusu. Maine ina leseni ya mwanafunzi kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na leseni ya kuwinda. Huhitaji kwanza kumaliza kozi ya usalama, lakini lazima uwe pamoja na msimamizi wa miaka 18 au zaidi aliyekuwa na leseni kwa miaka mitatu mfululizo, akuone na akusikie wakati wote. Mwenzako huenda anafaa. Maana yake ni kwamba hamtagawana, wewe huku na yeye kule. Mtakaa pamoja. Kwa mgeni wa msitu huo naona ni afadhali, na ukipata nafasi ifanye kozi hata kama hulazimiki. Wakili akisema bunduki hapana, upinde na mishale haumo katika sheria ile ya shirikisho ya bunduki, na dubu huwindwa pia kwa upinde. Lakini upinde una leseni yake na kozi yake, na kumpiga dubu vizuri kwa mshale kunataka mazoezi ya miezi. Anayeanza Julai hawezi kuwa tayari Agosti. Mwaka huu ningekuwa wewe ningekwenda kama msaidizi asiye na silaha: nione mahali panavyochaguliwa, nijue upepo, nibebe ndoo, nijue kama mgongo na ndoa vinaihimili kazi hii. Kabla ya hapo piga simu ofisi ya idara ya wanyamapori iliyo karibu, wakueleze msaidizi anaruhusiwa kufanya nini.

Sasa nimfikie bibi yako, yaani mkeo, na naomba umsomee sehemu hii.

Shemeji, hauko peke yako. Wananchi wa Maine wamepigia kura suala hili mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2014, wakiulizwa kama uwindaji wa dubu kwa chambo, mbwa na mitego upigwe marufuku. Mara zote mbili pendekezo lilishindwa, lakini kwa tofauti ndogo: takriban 53 kwa 47. Karibu nusu ya wapiga kura walifikiri kama wewe. Majimbo ya Colorado, Oregon na Washington yalikwisha kupiga marufuku chambo kwa kura za wananchi miaka ya 1990. Wanaopinga wanasema si haki kumnyima mnyama nafasi ya kujiokoa, na kwamba kumzoesha vyakula vya binadamu ni kumfundisha kufuata majumba ya watu. Wanabiolojia wa idara ya Maine wanajibu kwamba katika msitu mnene hivi bila chambo karibu hakuna dubu atakayepatikana, idadi itapanda, na migongano na watu itapanda nayo.

Mimi nimesimama wapi? Naona chambo kina jambo moja jema ambalo halitajwi sana: kinampa mwindaji muda wa kutazama. Anayekutana na dubu njiani ana sekunde mbili, anapiga kivuli. Aliye juu ya dungu ana dakika nzima ya kuona kama nyuma ya yule jike kuna watoto. Pipa lenyewe ni rula. Lina urefu wa karibu sentimita 88, kwa hiyo dubu anayesimama kwa miguu minne na mgongo wake ukalingana na mdomo wa pipa ni mkubwa kweli, na akilifikia katikati tu bado ni kijana, mwache aende. Mwindaji anayeutumia muda huo kuchagua, namheshimu. Anayepiga cha kwanza kinachotokea kwa sababu amelipa petroli ya mwezi mzima, hapo nakubaliana na shemeji. Na hii ndiyo hatari ya gharama: inakusukuma kidole. Mtu aliyezika dola 750 na saa zake zote huanza kuona dubu mdogo ni mkubwa.

Jambo jingine, mkibishana na mwenzako kuhusu nini cha kumwaga: chokoleti isiwemo. Mwaka 2014 jimbo la jirani, New Hampshire, dubu wanne walikutwa wamekufa kwenye sehemu moja ya chambo iliyokuwa na chokoleti nyingi, majike wawili na watoto wawili. Kiini cha kakao kinachoitwa theobromini kiliwaua. New Hampshire baadaye ikapiga marufuku chokoleti kwenye chambo. Keki za bei rahisi huwa na vipande vyake, kwa hiyo fungueni mapipa mtazame kabla ya kununua.

Tuseme mmepata. Kazi ya pili inaanza usiku huo huo. Mwisho wa Agosti Maine kunaweza kuwa na joto la nyuzi 25 na zaidi, dubu ana manyoya mazito na mafuta chini yake, na nyama huharibika ndani ya saa chache msipomchuna na kumpoza. Muwe na mifuko ya barafu garini tangu mwanzo. Mtamkokota gizani mkiwa wawili kati ya magogo. Kisha lazima asajiliwe kwenye kituo ndani ya muda uliowekwa, na mtatoa jino moja dogo kwa ajili ya wanabiolojia, ambao hulitumia kujua umri wake. Mchinjaji wa kumkata na kumfunga huchukua dola 100 hadi 300. Dubu wa kilo 70 akiwa ametolewa matumbo atawaachia labda kilo 25 au 30 za nyama safi. Gawanyeni kwa wawili, kisha ugawanye dola zako kwa kilo zako. Mbuzi wa Lewiston ni rahisi zaidi. Kwa upande wa pesa, basi, mkeo ameshinda.

Ngozi ya baba nayo isikuharakishe. Dubu mweusi yumo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, tangu 1992, kwa hiyo ngozi, kucha au fuvu havitoki Marekani bila kibali cha idara ya shirikisho ya samaki na wanyamapori. Kuiweka kwenye begi la mtu anayekwenda Bukavu ni kosa, na kwa mtu mwenye kesi kwa hakimu ni kosa la ziada. Kuitengeneza iwe zulia ni dola elfu moja au zaidi. Mpelekee baba picha.

Mwisho ni nyama mezani, na hapa nakuomba usinisikilize nusu. Nyama ya dubu huweza kuwa na minyoo midogo ya trikinela, haionekani kwa macho. Watu husema "igandishe mwezi mmoja itakufa". Kwa nguruwe wa kufugwa ushauri huo una msingi. Kwa dubu hauna, kwa sababu aina za trikinela za nchi za baridi hustahimili friza. Mwaka 2022 familia moja ilikutana South Dakota ikala mishikaki ya dubu aliyetoka kaskazini mwa Saskatchewan, Kanada, nyama iliyokaa friza siku 45. Ilikuwa nyeusi kwa asili, wasijue kwamba haijaiva. Watu sita waliugua, na wawili kati yao hawakula nyama kabisa: walikula mboga zilizopikwa pamoja nayo. Nunua kipimajoto cha nyama, ukichomeke katikati ya kipande kinene, na usiipakue kabla hakijasoma nyuzi 165 za Farenhaiti, ambazo ni 74 za Selisiasi. Mchuzi wa kuchemka muda mrefu ni salama kuliko mshikaki. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi uoshe kabla ya kukatia kitunguu.

Na ikiwa wiki moja au hata nne baada ya kula mmoja wenu atapata homa, misuli ikimuuma bila sababu, au akiamka amevimba kuzunguka macho, msisubiri ipite wala kumeza dawa za malaria za akiba. Nendeni kliniki siku hiyo, na mwambieni daktari wazi kwamba mlikula nyama ya dubu, kwa sababu yeye mwenyewe hatafikiria kuuliza.